Jason Dunford ni bingwa wetu, au tunamkumbuka tukikosa cha kusema?

Kipepeo_Kasarani (mleta mada)
Jamani hili swali limenikaa kifuani siku nyingi. Tukihesabu mabingwa wa Kenya tunaanza na Kip Keino, tunapita kwa Tergat, Rudisha, Kipchoge, Faith Kipyegon, mpaka Yego wa mkuki tunamkumbuka. Jason Dunford, yule muogeleaji, simsikii popote. Mtu kazaliwa Nairobi 1986, akaingia fainali ya Olimpiki Beijing 2008, mita 100 mtindo wa kipepeo, Mkenya wa kwanza kabisa kufika fainali ya kuogelea, yuko maji yale yale na Michael Phelps. 2010 akaenda Delhi kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo kwa sekunde 23.35, dhahabu ya kwanza ya Kenya ya kuogelea kwenye michezo hiyo. London 2012 ndiye alibeba bendera mbele ya timu yote. Nauliza kwa roho safi kabisa: kwa nini huyu hatumweki kwenye orodha? Na kama mnaona hastahili nipeni sababu, si matusi.

Mzee wa Eldy
Kijana swali lako liko sawa lakini nafasi ya nne si medali. Beijing medali zote za Kenya zilitoka kwa riadha, kila moja, nenda uhesabu. Huku kwetu kuna watu wamekimbia fainali mbili tatu za dunia na hujui majina yao, wako shambani wanakamua ng'ombe. Sasa huyu wa kuogelea apewe kiti gani?

Kipepeo_Kasarani
Ya tano mzee, si ya nne. Phelps wa Marekani sekunde 50.58, Čavić wa Serbia 50.59, halafu Lauterstein wa Australia, Crocker wa Marekani, halafu Dunford 51.47. Hao wanne walio mbele yake ni nchi zilizo na mabwawa kila mtaa au makocha wa vizazi. Wa tano ni Kenya. Ukipanga watu wanane bora duniani kwenye kipepeo siku hiyo, mmoja ni wa Nairobi, na bado unaniambia kiti gani?

Wa_Githurai
Mbona hujasema aliweka rekodi ya dunia kule Beijing kwenye mchujo? Hiyo ndio ilikuwa habari kubwa, mimi nilikuwa nimeketi hotelini kwa mama fulani tukashangilia mpaka chai ikamwagika. Ila tuseme ukweli wa mambo. Yule ni mzungu wa klabu, amekua na bwawa, akaenda Stanford Marekani, hapo kuna siri gani. Kinachoniuma mimi ni kingine. Kuna Wakenya wamepewa bahari nzima na Mungu, iko hapo mlangoni tangu mababu, maji ya moto mwaka mzima, bure, na hawajui kuogelea. Watu wa Pwani wangekuwa wanashinda hizi medali kila mwaka lakini wamekaa ufuoni wanangoja embe lianguke. Mzungu wa Nairobi, mahali hakuna hata ziwa, ndiye anatuletea dhahabu.

Bin_Shela
Nilikuwa napita tu kusoma mambo ya Dunford, lakini haya maneno ya Wa_Githurai siwezi kuyapita. Ndugu yangu, umewahi kufika Lamu? Umewahi kukaa gatini pale mbele ya mji saa kumi za jioni ukaona watoto wa miaka sita wanavyojirusha majini mmoja baada ya mwengine kama chewa? Sisi mtoto hafundishwi kuogelea, husukumwa na kaka zake kutoka kwenye mashua, akatoka. Siku za Maulidi kuna mbio za punda, kuna mashua, na kuna mashindano ya kuogelea, watu wazima kwa watoto, mji wote umesimama. Babangu alikuwa mvuvi, kapiga mbizi maisha yake yote kutafuta kamba kwenye mawe bila chupa ya hewa wala viatu vya mpira, pumzi yake tu. Wewe uliyejifunza kuogelea kwenye karai unasimama hapa kusema tunangoja embe. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Chuda_Msa
Umesema kweli shekhe wangu. Na mimi naongeza, hawa wa bara huja Mombasa Disemba, waingia majini na jinzi, wafika magotini wapiga picha, wimbi likija wapiga mayowe. Halafu mwaka mzima ni kutufundisha sisi bahari. Kila Disemba vijana wa fukwe za Pirates na Nyali ndio hao wanaowatoa majini. Hao vijana ni akina nani? Ni watu wa wapi? Jibu hilo kwanza.

Wa_Githurai
Sijasema hamjui kuelea, nimesema kuogelea. Tofauti ni kubwa. Mkiwa mnajua, mko wapi kwenye timu ya taifa? Nitajie mmoja aliyefika fainali. Mmoja tu.

Jirani_Mwema
Habari za wakuu, mimi niko Dar. Naomba nirekebishe kidogo kabla hamjapigana. Dunford hakuweka rekodi ya dunia, aliweka rekodi ya Olimpiki, 51.14, kwenye mchujo, na haikumaliza hata jioni ile, maana Čavić wa Serbia alikuja kwenye kundi lililofuata akaenda 50.76. Mchujo ulikuwa jioni kwa sababu fainali za Beijing zilipangwa asubuhi ili Wamarekani waone jioni kwao. Lakini kwa muda mfupi ule mkuu, jina la Kenya lilikaa kwenye rekodi ya Olimpiki ya kuogelea. Huku kwetu Tanzania tungempa mtaa. Sisi tumepeleka akina Hilal Hilal Rio 2016 na Collins Saliboko Paris 2024, na bado kuvuka mchujo tu kwetu ni ndoto, na sisi tuna pwani kuanzia Tanga mpaka Mtwara na visiwa juu yake. Kwa hiyo hili la bahari kutozaa waogeleaji si la Wakenya peke yao.

Mzee wa Eldy
Halafu 2008 ni mwaka wa yale mavazi ya plastiki, watu walikuwa wanavunja rekodi kama wanavunja njugu. Mnasahau hiyo. Yale mavazi yalikuwa yanambeba mtu juu ya maji mpaka yakapigwa marufuku. Rekodi ya mwaka ule mimi siipimi na rekodi ya mtu aliyekimbia na miguu yake.

Kipepeo_Kasarani
Mzee hilo ni swali la maana na nashukuru umelileta. Ni kweli yalipigwa marufuku kuanzia Januari 2010. Sasa angalia dhahabu ya Delhi ni lini. Oktoba 2010. Baada ya marufuku. Alivaa kitambaa kama wengine wote na akawapiga Waaustralia. Na ukitaka nikuongezee, mita 50 kipepeo wakati ule haikuwa mbio ya Olimpiki, ndio sababu hakuwahi kupata nafasi ya kuiogelea kule. Imeingizwa sasa kwa ajili ya Los Angeles 2028. Mtu huyu alikuwa bingwa wa umbali ambao Olimpiki haikuwa nao. Nataka tujadili hilo.

Chuda_Msa
Wa_Githurai wataka nikutajie mmoja aliyefika fainali, nami nakuuliza, lini mtoto wa Likoni alipelekwa kwenye majaribio? Majaribio yenu hufanywa wapi? Nairobi. Nauli ni ya nani? Wataka mtoto wa Mtongwe alale njiani usiku mzima kwenye basi ashuke Nairobi asubuhi na baridi ile, aingie bwawa la maji baridi kama ya friji, kisha umwambie hajui kuogelea? Mbona hamleti majaribio Mombasa. Mwatuonea kisha mwatucheka.

Nyaboke_K
Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Kisumu. Naomba kuuliza swali la kijinga, hawa watoto wa bahari wanaogelea vizuri hivyo, kwani kwenye bwawa wanashindwa nini? Maji si maji?

Kocha_wa_Alfajiri
Dada Nyaboke hilo si la kijinga, ndilo swali lenyewe. Nafundisha kuogelea Nairobi miaka kumi na nane sasa. Maji si maji. Bahari ina chumvi inakubeba, bwawa halikubebi, mtoto wa bahari akiingia bwawani mara ya kwanza miguu inazama anashangaa. Baharini unaogelea kichwa juu kwa sababu lazima uone wimbi na mashua, bwawani kichwa kikiwa juu nyonga zinashuka, umeshavuta breki. Baharini unaenda polepole ufike, hakuna anayekupima. Na jambo kubwa kuliko yote, bahari haina ukuta. Mbio za bwawani mtu anashinda au anashindwa ukutani. Kuruka, kugeuka, kusukuma, kwenda chini ya maji kama nyoka mpaka mita 15 zinazoruhusiwa kabla kichwa kitoke. Kwenye mita 100 kipepeo mtu anaweza kumaliza mita karibu 30 yuko chini, hajapiga mkono. Phelps na Čavić waliachana kwa 0.01, na waliachana ukutani, mmoja aliteleza akisubiri ukuta, mwingine akapiga mkono wa nusu akagusa. Hilo huwezi kulijifunza Shela wala Nungwi wala Bagamoyo hata ukiishi majini kama pomboo.

Kwa hiyo Wa_Githurai amekosea na Bin_Shela amekosea. Watoto wa Pwani wanaogelea. Ila kuogelea kwa mashindano ni ufundi mwingine, kama vile kujua kupanda mti si kujua sarakasi.

Bin_Shela
Mwalimu nimekuelewa na nakuheshimu, lakini mimi sijakosea. Niliambiwa hatujui kuogelea. Nimejibu hilo. Sikusema tuna medali.

Wa_Githurai
Kocha amesema nilichosema. Kuelea na kuogelea ni vitu viwili.

Chuda_Msa
Kocha hakusema hivyo! Soma tena na miwani. Amesema WATOTO WA PWANI WANAOGELEA. Kwa herufi kubwa ili uone.

Bi_Mwani
Asalaam alaykum. Mimi ni wa Unguja, kaskazini. Kaka zangu Bin_Shela na Chuda nawapenda na hasira yenu naielewa, nami yalinichoma yale maneno ya embe. Lakini mmesema watoto wanajirusha majini. Watoto gani? Wa kiume. Mama yangu kalima mwani tangu mimi mdogo, anaingia majini maji yakitoka, anafunga kamba, anarudi maji yakijaa, na hajui kuogelea. Shangazi zangu hawajui. Mimi mwenyewe nilijifunza nikiwa na miaka ishirini na tano na watoto wawili, huku Nungwi wapo wanaofundisha wasichana na wanawake, na siku ya kwanza nililia kwa aibu kwamba nimezaliwa hatua mia moja kutoka baharini na sijawahi kuweka uso ndani ya maji. Kila meli ikizama tunahesabu. Spice Islander 2011, Skagit 2012, ukae msibani uone wanawake na watoto walivyo wengi. Kwa hiyo tukisema sisi watu wa pwani twajua kuogelea, tuseme sisi ni nani.

Chuda_Msa
Dada yangu, haya ya wanawake ni mambo ya stara na mila, hayahusiani na medali. Na si vyema kuyaanika hapa mbele ya hawa wanaotafuta la kutucheka.

Bi_Mwani
Kaka, stara haizuii kuelea. Tunaingia na nguo zetu za kujisitiri, kichwa kimefunikwa, kuna walimu wanawake. Na ile kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar, wafundisheni watoto wenu kuogelea na kurusha mishale na kupanda farasi, umeisikia ikisema watoto wa kiume tu? Sijaja kuchekwa na mtu. Nimekuja kwa sababu nimezika.

Nyaboke_K
Bi Mwani pole sana dada. Umenigusa. Sisi wa Ziwa ni hivyo hivyo, wavuvi wenyewe wengi hawajui, mashua ikipinduka ni kilio. Na Mv Bukoba 1996 kule Mwanza nilikuwa mdogo lakini wazazi walikuwa wanaizungumza kama msiba wa nyumbani.

Mzee wa Eldy
Feri ya Mtongwe 1994. Watu 272 walikufa. Nilikuwa kazini Mombasa mwaka ule, nilitoka ofisini nikaona barabara imejaa watu wanakimbia kuelekea majini. Feri ilikuwa hapo karibu na ukingo, hapo hapo, si katikati ya bahari. Sitaki kusema zaidi. Kijana wa Kipepeo, swali lako la bingwa ni zuri lakini mimi leo nimekumbuka mambo mengine.

Kipepeo_Kasarani
Pole mzee. Pole Bi Mwani. Sikutarajia uzi uende huku na siwezi kusema turudi kwa Dunford kwa ukali. Lakini naona ni jambo moja. Tungemsherehekea 2008 kama tulivyomsherehekea Rudisha 2012, pengine kila kaunti ingekuwa na bwawa moja la umma leo. Bwawa la Kasarani la mita 50 lilijengwa kwa michezo ya Afrika ya 1987, na mimi nimejifunzia hapo. Kuna miezi nimekuta maji ya kijani. Bingwa huleta pesa, pesa huleta mabwawa, mabwawa huleta walimu. Ndio maana nauliza kwa nini tulimsahau.

Wa_Githurai
Hatukumsahau bana, hatukumjua. Hakuwa wetu vile Rudisha ni wetu. Rudisha nikimwona ni kama binamu yangu. Huyu familia yake ina uwezo, aliogelea shule za kulipa, akaenda chuo cha Marekani. Mtoto wa Githurai hata angekuwa na mapezi angeanzia wapi? Nyinyi mnataka nimshangilie mtu aliyepanda ngazi ambayo mimi sikuonyeshwa. Hiyo ndio inauma na sitaomba msamaha kwa kuiona.

Jirani_Mwema
Mkuu hapo umesema jambo la kweli, na ungeanza na hili badala ya embe tungefika mbali. Ila hebu fikiria, Winfred Yavi kazaliwa Makueni, kashinda dhahabu ya kuruka viunzi na maji Paris 2024 na bendera ya Bahrain, na Wakenya wengi walimwita wetu. Achieng Ajulu-Bushell aliogelea na Kenya akachukua ubingwa wa Afrika, kisha 2010 akahamia Uingereza. Sasa huyu alibaki na bendera ya Kenya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, Beijing, Delhi, London, na mnamwita mgeni. Mnapima uwetu kwa rula gani?

Wa_Githurai
Sikumwita mgeni. Nilimwita mzungu wa klabu. Usiniwekee maneno mdomoni.

Zakayo_B
Nimesoma yote. Ukweli ambao hamtaki kusema ni kwamba mwili wa mtu mweusi ni mzito, mifupa imeshikana, hatuelei. Ni sayansi. Ndio maana kuogelea ni ya wazungu na mbio ni zetu, kila mtu Mungu amempa yake. Acheni kulilia mabwawa.

Kocha_wa_Alfajiri
Hapana. Hapana kabisa. Hili nalikataa na nitalikataa mpaka nife kwa sababu nimeona linavyoua watoto bwawani kabla hawajaingia majini, baba anamwambia mtoto sisi hatuelei, mtoto anaingia akiwa ameshakakamaa. Seoul 1988, mita 100 kipepeo hiyo hiyo ya Dunford, dhahabu ilichukuliwa na Anthony Nesty, mtu mweusi kutoka Suriname, nchi ndogo iliyokuwa na bwawa MOJA tu la mita 50. Alimpiga Matt Biondi kwa 0.01, 53.00 kwa 53.01. Nesty huyo leo ni kocha mkubwa Florida, na Paris 2024 ndiye aliongoza timu ya wanaume ya Marekani kama kocha mkuu. Simone Manuel Rio 2016 dhahabu mita 100 mtindo huru. Alia Atkinson wa Jamaika, rekodi ya dunia bwawa la mita 25, 2014. Mifupa yao ilikuwa ya karatasi? Kinachozamisha mtoto ni hofu na kukosa mwalimu. Zakayo tafadhali usirudie hilo neno mbele ya mtoto yeyote.

Zakayo_B
Hao ni wachache, wa kuhesabika.

Kocha_wa_Alfajiri
Na mabwawa yao ni ya kuhesabika. Hesabu hivyo viwili pamoja.

Bin_Shela
Mwalimu, Mungu akulinde. Na mimi sasa nasema hivi. Nina mpwa wangu, miaka kumi na sita, yuko kwangu South C kwa likizo, wa Shela damu damu, anavuka mkondo kwenda Manda na kurudi na hana habari. Hajawahi kuingia bwawa la mashindano maishani. Wa_Githurai anasema tunaelea tu. Wewe mwalimu unasema ni ufundi mwingine. Mpime. Weka saa. Mita 50, matokeo niyaandike hapa hapa, yawe mazuri yawe mabaya. Siogopi.

Kocha_wa_Alfajiri
Mlete Jumamosi saa moja asubuhi. Bwawa letu ni la mita 25 na halina joto, mwambie ale vizuri. Silipishi. Nitakutumia pa kufika kwa ujumbe wa faragha.

Wa_Githurai
Nitasubiri. Na nikikosea nitasema nimekosea, mimi si mtu wa kujificha.

Nyaboke_K
Mimi hata medali sitaki tena, nataka wangu wajue kutoka majini. Mwalimu wa darasa aliniambia kuogelea kumo kwenye mtaala huu mpya, nikacheka kwa uchungu, shule yetu maji ya kunawa mikono yanabebwa na ndoo. Kocha, kuna njia ya kumfundisha mtoto hata bila bwawa?

Kocha_wa_Alfajiri
Kupuliza mapovu kwenye karai, dada, kwa dhati. Mtoto aweke uso ndani apulize hewa nje kwa pua, ainue, avute. Kila siku akioga. Akilizoea hilo nusu ya hofu imekwisha. Halafu mahali pa kina cha kiuno na mtu mzima anayejua, siku zote na mtu mzima, ajifunze kulala chali na kutulia. Kulala chali kwanza kabla ya mtindo wowote. Watu wengi wanaozama walikuwa mita tano kutoka pa kushika, wakipigana na maji.

Chuda_Msa
Hili la karai nimelicheka mwanzo, kisha nimekumbuka binti yangu ana miaka saba na hajui. Sitasema zaidi. Bi Mwani, ulinijibu vizuri, nisamehe kwa lile neno la kuanika.

Bi_Mwani
Yameisha kaka. Mpeleke.

Kipepeo_Kasarani
Kabla Jumamosi, mniruhusu neno moja kwa Wa_Githurai. Nimefikiria ulichosema kuhusu ngazi. Mimi si mtu wa familia yenye uwezo. Nilijifunza kuogelea kwa sababu jirani yetu alikuwa mlinzi wa bwawa na alituruhusu kuingia kabla wanachama hawajaamka. 2008 nilikuwa darasa la saba. Nilipoona jina KEN kwenye laini ya fainali, sikuona rangi yake kwanza, niliona zile herufi tatu kwenye maji. Sikuwa nimewahi kuziona hapo. Nikasema kumbe zinaweza kuandikwa hapo. Sikufika popote, nilifika mashindano ya klabu nikaishia hapo. Na hadi leo ndugu zetu wanaogelea kwa shida, Fukuoka 2023 mashindano ya dunia waogeleaji wa Kenya waliingia bila bendera kwa sababu shirikisho lilikuwa limesimamishwa. Mtoto wa darasa la saba aliyetazama mwaka ule hakuona hata hizo herufi. Na huyu mnayemwita wa klabu, baada ya kustaafu alirudi kuimba, anajiita Samaki Mkuu, anarap kwa Kiswahili. Mtu asiyejiona wetu hafanyi hivyo.

Wa_Githurai
Sikujua ya kuimba. Nimekwenda nikasikiliza. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Lakini Kiswahili hakijengi bwawa Githurai, na hapo sijabadilika.

Mzee wa Eldy
Mimi nimebadilika kidogo. Ile ya Oktoba 2010 sikuwa nimeiweka pamoja na marufuku ya mavazi. Dhahabu ni dhahabu. Nampa kiti, lakini nyuma ya Rudisha.

Bin_Shela
Nimerudi. Naandika kama nilivyoahidi.

Tulifika saa moja kasoro. Ukungu, baridi, kijana ametetemeka kabla hajavua shati. Mwalimu alimpa miwani ya maji, akaivaa juu chini. Alitaka kuanzia majini, mwalimu akamwambia hapana, panda juu uruke. Akaruka kama anavyoruka gatini, miguu kwanza! Watoto wa klabu wakacheka, mmoja hana hata miaka tisa. Uso ulinishuka lakini nilinyamaza. Mwalimu akamwonyesha, akaruka tena, safari hii kichwa, tumbo likapiga maji mpaka mimi nikasikia maumivu.

Kisha akapimwa. Mita 25 za kwanza, wallahi mngekuwepo. Mikono ile ya kuvuta kamba za jarife, alikwenda kama mashua imeshika kusi. Kijana mmoja wa klabu wa rika lake alikuwa laini ya pili, na mpwa wangu alimtangulia kwa mkono mzima. Halafu ukuta ukafika. Akasimama. Akashika ukingo kwa mikono miwili, akatoa kichwa, akatazama nyuma, akaniangalia mimi, ndipo akasukuma kurudi. Yule mwengine alikwisha kugeuka yuko mbali. Sekunde 41 jumla. Yule wa klabu 33.

Mwalimu alisema mpwa wangu amepoteza karibu sekunde nne pale ukutani peke yake, na nyingine kwenye kuruka, na nyingine kwa kubeba kichwa juu. Wa_Githurai, umeshinda kwa saa. Lakini mita 25 za kwanza kamuulize mwalimu.

Kocha_wa_Alfajiri
Ni kweli yote. Mita 25 za kwanza sijaona mvuto wa maji kama ule kwa mtoto asiyefundishwa. Nimemwambia arudi.

Wa_Githurai
Nilisema hamjui kuogelea. Nimekosea, nalifuta. Na hata lile la embe nalifuta. Lakini mniambie, likizo ikiisha anarudi Lamu, bwawa liko wapi Lamu?

Bin_Shela
Hakuna la umma ninalolijua. Kuna ya mahoteli. Nimeanza kuulizia kama kuna mwenye hoteli atakayemruhusu alfajiri kabla wageni hawajaamka, kama alivyofanya yule mlinzi wa Kipepeo. Mwalimu amesema hata bila bwawa, afunge kamba kati ya nguzo mbili za gati, aguse nguzo, ajikunje, ajisukume. Jana usiku nimemkuta sebuleni amelala kifudifudi juu ya zulia anajisukuma kwa miguu kutoka ukutani.

Nyaboke_K
Na kipepeo mmemjaribu?

Bin_Shela
Mwalimu alimwonyesha mara moja tu mwisho. Alipiga mikono mitatu akazama, akatoka anakohoa, akasema tena. Tunarudi Jumanne.